Fundi na Taa Zake za Redio

Jirani yangu fundi huuza ng'ambo taa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, na kila taa huivalisha soksi kana kwamba itaona baridi njiani. Mkewe ameshachoka kutafuta soksi. Kwanza huipulizia taa pumzi, huifuta kwa pindo la shati, huitikisa karibu na sikio, halafu, maskini, huanza upya. Taa hizo hutumika pia kwenye mitambo ya kijeshi, kwa hiyo hazitoki nchini bila kibali, na mara nyingi forodha huzirudisha. "Wamenikatalia tena, mzee wangu! Watu hawa watanilaza njaa!" hulalamika. Lakini hebu mtazame anavyokimbilia nyumbani na kifurushi chake kifuani, utadhani kaopoa mtoto kisimani.

Jana nilimsindikiza. Mama wa forodha alifungua soksi moja, akachungulia, akagonga muhuri. "Hongera, baba. Kibali kimetoka."

Fundi akashika ukingo wa kaunta. "Zote?"

"Zote."

"Hebu angalia vizuri, dada yangu. Hiyo ndefu haiwezi kuingia kwenye kombora kweli?"

Mama yule alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Kombora gani, baba? Hii ni ya kusikilizia taarabu!"

Basi fundi akaomba aifunge mwenyewe. Akaipulizia, akaifuta, akaitikisa sikioni, akaanza upya. Foleni ikaanza kuguna nyuma yetu.

"Mwacheni kidogo," mama akawaambia. "Anaaga."