Njia ya Pembeni

Fundi mitambo wa studio aliligusa gurudumu la utepe kwa ncha za vidole, kama mzazi anayepima homa, jicho moja kalifumba. Mjane aliyekuja kuomba nakala ya kicheko cha marehemu mumewe, kilichotangulia wimbo aliorekodi hapo, alimtazama roho juu.

"Mbona kimya? Kimefutika?"

"La, mama. Njia za sauti za kidijitali kwenye utepe huu hununa ukienda polepole. Ndiyo maana sauti ileile huwa naiweka pia kwenye njia ya pembeni, ya kizamani. Hiyo husema hata ukiiburuta."

Akazungusha. Spika ikakoroma kwa sauti nzito.

"Usingizini alikuwa hivyo hivyo!" mjane akacheka, machozi yakimlengalenga.

Fundi alikuwa bado akisikiliza. "Nianzie hapa, kwenye kicheko?"

"Kabla hajavuta pumzi."

Kidole kikalirudisha gurudumu nyuma, upana wa unywele, na pumzi ikasikika.