Sifa za Nyumba Yetu

Chuoni tulianza jiografia kwa milima na mito, na mimi wa Nyarero niliwaacha wote nyuma. Tulipofika kwenye mila za watu, rafiki yangu wa Robanda akanipita. Nilimwonea wivu hadi kicheko chake kikawa kinaniudhi.

Siku moja alisimama mbele ya darasa, akaeleza jinsi mwanamke wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume anavyotoa ng'ombe na kuoa msichana wa kulizalia boma lake watoto. Mwalimu alimsifu mpaka kengele ikalia. Mimi nilitazama dawati, roho ikiniuma.

Yote hayo aliyajua wakati wa likizo, alipolala kwetu. Bibi yangu, yule aliyemuoa mama, ndiye aliyeagiza achinjiwe jogoo.