Bibi Mkrii na Mzee Wetu wa Kanisa

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo Minneapolis, Marekani. Mmoja wao alikuwa bibi wa kabila la Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, mzaliwa wa kando ya ziwa huko kaskazini kusikofika barabara. Ndoa ndiyo iliyomleta mjini.

Nikafanya kosa la kumtaja mbele ya mzee wetu wa kanisa, Mtanzania mwenzangu, mtu wa nyumba mpya Woodbury, mtaa wa wenye nazo, na Kiingereza cha puani hata anapopiga chafya. Alikuwa anakusanya makoti yaliyochakaa ayapeleke kijiji kimoja cha Wakrii, apigwe picha akiyagawa.

"Mlete atoe ushuhuda," akaniambia. "Wewe utatafsiri Kiingereza chake kwa Kiswahili."

Jumapili bibi akasimama mbele yetu. Alisema watu wake walivua samaki ziwani na kuwinda, mpaka likaja duka la wanunuzi wa ngozi, na nyuma yake kanisa. Siku moja ndege ikatua majini, ikawachukua watoto kwenda shule ya bweni, naye akiwemo. Huko alichapwa kila aliposema Kikrii. Aliporudi, yeye na mama yake walielewana kwa ishara za mikono. Baadaye likajengwa bwawa, ziwa likajaa, makaburi yao yakazama.

Mzee wa kanisa alikuwa anatazama saa. "Asante, mama. Sasa tuimbie kidogo kwa lugha yenu. Yale manyoya ya kichwani hukuja nayo?"

Watu wakacheka. Na mimi, kwa woga wangu, nikatabasamu.

Bibi akawatazama watoto watatu wa mzee waliokaa mbele, wale ambao ukiwasubiri wakuamkie wanakwambia "hai" ya Kizungu.

"Hawa wanasema lugha yako?"

"Wanaelewa," mzee akajibu, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Swali hilo usitafsiri."

"Mimi nilichapwa ndipo nikaiacha," bibi akasema. "Hawa amewachapa nani?"

Nikatafsiri yote, kwa sauti ya kufika mlangoni.

Safari ya mzee na kamati yake ya kupeleka makoti ilifanyika. Walipanga wiki nzima, mbu wakawarudisha siku ya pili, na picha tulioneshwa mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimetolewa kwenye kamati hiyo, na sikuomba kurudi.

Jumanne, nikimuunganisha bibi na mashine ya kusafisha damu, nilimwomba radhi.

"Kule ziwani tulikuwa na mzee wa kanisa kama huyo," akasema. "Ila wetu alijua kuimba."