Vyovyote na Kitufe Chake

Mume wangu tunamwita Vyovyote, na jina hilo nimempa mimi. Ukimuuliza chai au kahawa, atakwambia vyovyote. Dirisha lifungwe au libaki wazi? Vyovyote. Siku tuliyokwenda kununua kitanda, muuzaji alituonyesha vitanda mpaka akachoka akakaa kwenye kimojawapo, na mwenzangu bado yuko katikati ya duka, mikono nyuma, anavikagua kama mgeni rasmi. Nikachagua mimi. Kila kilichomo nyumbani kwetu nimechagua mimi, pamoja na mapazia ambayo hayapendi. Hajawahi kusema hayapendi, lakini najua.

Msidhani ni mjinga. Kazi yake ni kutengeneza tovuti, na anaijua hasa. Zahanati ikimpa kazi, mgonjwa anaona namba ya simu kabla hajazidiwa. Lakini hiyo ni kazi ya watu, na watu huja wameshachagua: tunataka rangi ya bluu, tunataka picha ya daktari anacheka. Akiachiwa yeye achague, anakwama. Jioni alikuwa anajitupa kwenye kochi na simu yake, anatafuta podikasti ya kusikiliza. Anasoma jina la hii, anasoma maelezo ya ile, anaangalia nyota walizopewa, anarudi kwenye ile ya kwanza. Mpaka chakula kinafika mezani, hajasikiliza hata salamu.

"Hivi wewe," nikamwambia siku moja, "si ufumbe macho ubonyeze yoyote tu?"

Nilisema kwa hasira, maana nilikuwa nimeita watu waje kula na hakuna aliyeinuka. Yeye akaweka simu chini, akanitazama, akasema, "Hebu rudia." Hapo nikajua nimejiponza.

Akahamia kwenye meza ya chakula na kompyuta yake, sisi tukawa tunakula sahani ziko magotini. Alitaka tovuti yenye kitufe kimoja tu. Hakuna kutafuta, hakuna picha, hakuna nyota, hakuna cha "wengi wanasikiliza hii." Unabonyeza, inakuchezea podikasti, basi. Inaweza kuwa ya mtu maarufu, inaweza kuwa ya bibi mmoja anayeeleza kwa nini haongei na jirani yake. Kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Hilo la nafasi sawa alilisema kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake, nikadhani ana homa.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa baba yangu, ambaye anaishi nasi tangu mama alipofariki. Mzee ni fundi bomba mstaafu. Alikibonyeza kitufe kwa kidole gumba, kwa nguvu zote, kama anaziba tundu linalovuja. Ikatoka sauti ya mwanamke: "Karibuni sana, wapenzi wasikilizaji."

"Ahsante, tumeshakaribia," akajibu Baba, akakaa vizuri. Yule mama akaendelea na habari za kufuga nyuki bila hata kumjulia hali. Baba akamgeukia mume wangu. "Mkwe, mbona huyu hasikii?"

"Alishasema zamani, Mzee. Imerekodiwa."

"Kwa hiyo anaongea tu? Hajui nani yuko huku?"

"Hajui, Mzee."

Baba akafikiri. "Inataka moyo hiyo," akasema, na akamsikiliza mama wa nyuki mpaka mwisho.

Sasa njoo kwenye jina. Vyovyote hakuniuliza, akaandika kwenye kitufe, kwa herufi kubwa, BAHATI NASIBU. Tovuti ilipofunguliwa watu walifurika. Alifurahi mpaka asubuhi moja akajichagulia soksi mwenyewe. Kisha ujumbe ukaanza kumiminika. "Nabonyeza tangu asubuhi, sijashinda kitu." "Nimepata mzee wa kodi za ardhi, nikambadilishie wapi?" Kuna mmoja aliyesikiliza kipindi kizima cha upasuaji wa goti akiamini namba ya ushindi itatajwa katikati, akaandika kulalamika kwamba daktari anazunguka sana. Mume wangu akawajibu mmoja mmoja, kwa adabu, kwamba zawadi ndiyo hiyo waliyoisikia. Wakamtukana. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikamwonea huruma, kisha nikacheka tena.

Akabadilisha, akaandika Yoyote. Nikamuuliza kwa nini asiandike Vyovyote kabisa ijulikane ni ya nani. Baba ndiye aliyenijibu, bila kuinua macho kwenye kikombe chake. "Podikasti ni yoyote. Vyovyote ni vyombo."

Wakaja wengine, wakadai kitufe kinadanganya. Mtu kabonyeza, kampata mama wa nyuki; kabonyeza tena, mama wa nyuki huyo huyo. Vyovyote akaeleza kwamba bahati ya kweli ndivyo ilivyo, haikumbuki jana ilikupa nini. Wapi! Watu walitaka bahati yenye heshima. Ikabidi aifundishe isimrudishie mtu kipindi kile kile mapema, na siku hiyo alikuwa mnyonge kweli, eti ameidhalilisha. Mimi nikamwambia hata mvua tunaikinga kwa mwavuli. Hakuniona wa maana.

Ilikuwa wakati huo Baba aliposema, tukiwa tunakunywa chai, kwamba na yeye anataka kurekodi. Mabomba. Mume wangu akamletea kipaza sauti kidogo, akamwonyesha pa kubonyeza. Tangu siku hiyo, kila tukimaliza chai, Mzee anaingia chumbani kwake anafunga mlango, na sisi huku nje tunasikia: koki, valvu, boya la tangi, halafu kimya kirefu, halafu valvu tena. Nilijua anatafuta maneno. Vyovyote alikuwa anachukua vile vipindi anaviweka pamoja na vya wengine.

Niwaambie kwa nini jambo hilo lilinigusa. Mama alipokuwa hai, Baba alikuwa akirudi kazini anamsimulia kila bomba aliloligusa mchana kutwa. Mama anakunja nguo, anaitikia. Alipofariki, Baba akanyamaza. Mwaka ule wa msiba alinyamaza hivi kwamba nilikuwa naacha koki ya jikoni inadondoka makusudi, aje anigombeze. Alikuwa anakuja, anaifunga, anaondoka zake. Niliogopa. Nimewaona wazee wanaonyamaza, na najua kinachofuata. Kwa hiyo sauti ile nyuma ya mlango, hata kama ni ya valvu, mimi ilinipa usingizi.

Basi siku moja nikapita nyuma ya Vyovyote na kikapu cha nguo, nikaona kwenye kompyuta ukurasa ambao wasikilizaji hawauoni. Unaonyesha kila kipindi kimesikilizwa na watu wangapi mpaka mwisho. Kwenye vya Baba palikuwa na sufuri. Sufuri, sufuri, sufuri, mpaka chini. Nikawaza: akija kuuliza, akaambiwa, atakiweka kile kipaza sauti kabatini na hatutamsikia tena.

"Msogeze Baba mbele," nikasema. "Kidogo tu. Watu wawili watatu wampate."

"Hapana."

Niligeuka nyuma nione nani kaongea. Hapakuwa na mtu. Katika miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

"Umesema?"

"Hapana, mke wangu. Nikitia mkono, si bahati tena."

"Ni baba yangu!"

"Najua ni nani."

"Unawajibu watu usiowajua barua zao za kukutukana, halafu baba mkwe wako unamwachia sufuri? Huna haya wewe. Leo ndiyo umejifunza kukataa, na umeona uanzie kwa Baba?"

Akaniangalia kwa huzuni, lakini hakubadilika. Siku zilizofuata nilimpikia na kumwekea chakula bila kumwambia karibu. Alikula.

Mimi ni dobi. Duka letu lina mashine mbili za kufulia, meza ya pasi, na reli ya chuma iliyojaa suti za watu zenye vikaratasi vya namba. Ninayefanya naye kazi tunamwita Povu. Yeye anafua, mimi napiga pasi. Kwa kuwa mume wangu amegeuka jiwe, niliamua kumtafuta Baba kwa njia ya halali. Nikaiegemeza simu kwenye rafu ya sabuni, nikawa nabonyeza kile kitufe kwa kiwiko, shati baada ya shati. Nimtafute hivyo hivyo mpaka nimpate, nimsikilize mpaka mwisho, ile sufuri iondoke. Mtu mmoja si haba.

Wacha wee! Niliyoyasikia siyahitaji hata leo. Namna ya kusafisha tangi la samaki. Historia ya vifungo. Kaka mmoja aliyeachwa na mchumba akaamua kusimulia kwa vipindi, na kila kipindi anamsamehe upya. Nikitaka kuruka, Povu anapiga kelele kutoka kwenye ndoo zake: "Usiruke! Ngoja tujue ng'ombe alipona au hakupona!" Ng'ombe alipona. Baba hakutokea. Wateja wakaanza kukawia makusudi kwenye kaunta, wanajifanya wanatafuta risiti huku wakimtegea sikio kaka wa watu na mchumba wake.

Asubuhi moja nikabonyeza, nikasikia kikohozi. Nikasimamisha pasi. Ndilo jambo la kwanza unalofundishwa katika kazi hii: ukishtuka, simamisha pasi. Povu alinitazama usoni akazima mashine zote mbili.

"Mama watoto," sauti ya Baba ikasema. "Leo nataka tuzungumze juu ya boya la tangi. Najua nilishakueleza, lakini mara ile ulisinzia."

Kisha kimya. Kimya kile kile nilichokuwa nakisikia kupitia mlango. Hakuwa anatafuta maneno hata kidogo. Alikuwa anamwachia mama nafasi aitikie.

Akaendelea. Alieleza boya linavyopanda na maji na kufunga njia, na linavyochoka. Alinyamaza tena. Akasema binti yako ananitunza vizuri, ila chumvi anaiogopa. Akasema mkwe ni mtu mwema, hasemi anachotaka lakini ukimtazama usoni unajua, na wewe ungemjua mara moja. Akarudi kwenye boya. Mwisho akasema, "Haya mama. Kesho tutaona valvu," na ikasikika kiti kikisogezwa.

Nililia juu ya shati la mteja. Halikuharibika, shati lazima lipate unyevu kabla ya pasi. Povu naye alikuwa anajifuta kwa mkono wenye sabuni, akazidisha mambo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Vyovyote mezani pake. Sikumsalimu.

"Ulijua?"

Hakuuliza alijua nini. "Huwa nasikiliza kwanza, nione kama sauti imeshika," akasema. "Nilijua tangu kile cha kwanza."

"Na hukuniambia. Mimi mwanawe."

"Hakuwa anaongea na mimi. Wala na wewe." Akafunga kompyuta. "Ulitaka nikusanye watu waje wamsimamie mlangoni?"

Hasira yangu ilikuwa bado ipo lakini ilikosa pa kukaa. "Sasa kama ni maongezi yao, kwa nini umeyaweka hadharani?"

"Yeye ndiye aliyetaka. Muulize."

Baba alikuwa kitandani kwake, anapangusa kipaza sauti kwa kitambaa. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamwambia, "Baba, leo nimekusikia. Nilikuwa kazini, ukatokea." Akaangalia mikono yake, na nikaona kwamba ameona aibu, na mimi nikaona aibu kuliko yeye. Nikamwomba radhi. Nikasema kama hapendi watu wamsikie, tutaviondoa vyote sasa hivi.

"Visiondolewe," akasema.

"Lakini Baba, si ulikuwa unaongea na mama?"

Akakikunja kile kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji. "Nilimuuliza mumeo, mtu akibonyeza hicho kitufe, maneno yangu yanaweza kumfikia nani? Akasema yeyote. Nikamuuliza, yeyote, yeyote? Akafikiri sana, unamjua alivyo. Akasema ndiyo, Mzee, yeyote, mimi sichagui. Nikamwambia basi weka."

Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu begani.

"Ulisikiliza mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka mwisho."

"Mwisho wenyewe? Mpaka nilipoaga?"

"Mpaka uliposogeza kiti."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kufika mwisho hata siku moja. Nikianza boya tu, ameshalala." Akajisogeza akanipisha nikae. "Kama ulikuwa macho kweli, uliza swali."

Nikakaa. Nikamuuliza boya likiingia maji linatengenezeka, au ndiyo la kutupa. Baba akalia kidogo. Kisha akajifuta, akasema linatengenezeka, akaanza kunieleza.