Ukuta wa Nyumba Mbili

Laiti siku ile ningewaambia ndugu zangu hapana. Walitaka tuifunge nyumba ya marehemu bibi yetu Kibokoni, mji wa kale, tukajenge Mtwapa, nje ya mji, kwenye nafasi na hewa. Mkubwa wao ni mimi. Nikakubali, nikatia kufuli.

Juzi nilirudi, nikasimama juu ya kifusi. Kimebaki kipande cha ukuta, na ndani yake kidirisha chetu.

Usishangae, nyumba za kwetu huegemeana. Yetu na ya jirani zilikuwa na ukuta mmoja wa mawe, uliotobolewa kiasi cha kupitisha sahani. Asubuhi mbaazi zikiiva, bibi aliugonga kwa mwiko. Jirani, siku hizo bi harusi mgeni, alifungua kwake, na harufu ya mahamri ya iliki ikatuingilia.

"Mbaazi za jana zilizidi chumvi, bibi wee!"

"Basi zirudishe."

"Sahani ntakurudishia. Mbaazi zishakwenda zao!"

Bibi alipougua, jirani huyo ndiye aliyenilisha kupitia pale, mpaka nikawa mtu mzima.

Kila mwaka kabla ya masika, nyumba zote mbili zilikoroga chokaa siku moja, zikaziba nyufa huku na huku. Sisi watoto tulitoka weupe kama tumeanguka kwenye unga. "Ukiziba kwako tu, hujaziba," bibi alikuwa akisema.

Mtwapa hatukwenda peke yetu. Mashamba ya minazi yalikatwa viwanja, mji ukatanuka, na kila nyumba iliyoota kule ilifunga mlango huku. Baraza zikaachiwa paka. Laiti tungezuiwa kujenga nje, tungelazimika kutengeneza tulichonacho. Lakini hakuna aliyenizuia, nami sikujizuia.

Kila masika jirani alinipigia simu.

"Mwanangu, nyumba si kanzu, uivue uitundike. Maji yaingia kwako, yatokea kwangu."

"Inshallah, mama, mwezi ujao nitakuja na fundi."

"Mwezi wako huo hauandami?" Akacheka. Nami nikacheka.

Masika haya ukuta uliangukia upande wake alfajiri, mwenyewe akikanda unga wa mahamri.

Nyumba ya bibi imekwenda, na yake imekwenda. Mama aliyenilisha kupitia ukuta ule ameuawa na ukuta uleule, kwa sababu mimi nilihama na sikurudi kuuziba.