Festo na godoro lake stendi ya Njombe

Jamani, leo nimemkuta mdogo wangu stendi ya Njombe amebeba godoro!

Huyu Festo tumempeleka chuo Makambako wiki tatu tu zilizopita. Kila nikimpigia, "Niko poa, dada."

Poa gani sasa?

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Mawengi. Dada, sielewi kitu darasani. Wenzangu wanajibu kwa Kiingereza, mimi nimekaa tu. Sina hata wa kula naye."

Nikapandwa na hasira. Nikampigia Baba amgombeze, maana Baba wetu kwa ukali hajambo. Nikaweka na spika kabisa, nifaidi.

Baba akasema taratibu:

"Mwanangu, hata mimi nilitoroka bweni, kidato cha kwanza. Nilipofika nyumbani babu yako akanipa jembe, hakuniuliza kitu. Mimi nakuuliza. Nini kimekushinda?"

Miaka yote hii hatujawahi kuambiwa!

Festo akaangua kilio hapohapo. Watu wanatutazama, mimi nimekumbatia godoro. Wakaongea mpaka salio langu likaisha. Baba kaahidi kwenda chuoni Jumatatu, wakamwone mwalimu pamoja.

Festo akafuta uso. "Dada, gari za Makambako ziko upande gani?"

Nimempandisha, na nimefurahi. Ila nimekasirika pia! Mimi nilipofeli mwaka wa kwanza, Baba huyuhuyu hakunisemesha mwezi mzima.

Vifungua mimba wenzangu, na kwenu wazazi wamejifunza upole baada ya ninyi kumaliza shule?