Mama Pasi Aulizwa Kama Anaweza Kukimbia

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hoteli, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Siku moja meneja mpya, mgeni asiyejua Kiswahili, aliingia chumba cha kufulia akamuuliza kama anaweza "ku-run" idara ile. Neno hilo Mama Pasi alilijua tangu shule: run ni kukimbia.

"No, sir," alijibu kwa masikitiko, akimwonyesha goti lake.

Meneja akanywea. Dada wa mapokezi, aliyekuja naye, akacheka mpaka akaegemea mashine.

"Shangazi, hajakwambia ukimbie! Anataka uwe msimamizi wa idara hii. Kwao hata duka lina-run, hata pua yenye mafua ina-run."

"Hata pua?" Mama Pasi alishangaa. "Basi mwambie nimekubali, upesi, kabla hajatafuta neno lingine."

Jumatatu alianza usimamizi. Kabla ya kugawa zamu, alikwenda mwenyewe ofisini kudai feni ambayo wafuaji walikuwa wameiomba kwa miaka miwili. Kufikia saa sita mchana feni ilikuwa ukutani, inazunguka, na wenzake wakafua huku wakiimba.